Ombi la Kupatiwa Dizeli kwenye Kiwanja Changu

Mheshimiwa Mkuu wa Ofisi ya Udongo na Maji,

Nakusalimu kwa heshima zote nilizobaki nazo, ambazo tangu wataalamu wako wafike mtaani kwetu zimepungua sana. Mimi ni fundi saa. Nyumba yangu imepakana na yadi ya zamani ya mabasi, pale yalipokuwa matangi ya mafuta chini ya ardhi kabla hayajang'olewa kwa kutu. Mlikuja kuchunguza kama dizeli iliyovuja imefika kwenye udongo na visima vyetu. Kazi ni nzuri. Matokeo ndiyo yamenidhalilisha. Kwa jirani yangu seremala, ambaye ni shemeji yangu, kaka wa mke wangu, mmeikuta. Kwangu mmesema hakuna. Malalamiko yangu ni haya:

1. Kwa shemeji mtambo wa kutoboa ulinguruma hadi vyombo vikaanguka kabatini. Kwangu yule dada mtaalamu alichota udongo kiganjani, akaunusa mara moja, akasema, "Mzee, hapa hamna kitu." Alisema hivyo mbele ya mke wangu, mama mkwe, na mteja aliyefuata saa yake. Kuambiwa sina kitu nimeshazoea kwa wakwe. Kwa serikali sikutarajia.

2. Shemeji amechimbiwa shimo la kupimia maji, lenye bomba, mfuniko wa chuma na kufuli. Limezungushiwa utepe wa njano. Hulifuta vumbi kila asubuhi kabla hajanawa uso. Wageni hawaulizi tena hali ya mama yake, wanauliza hali ya shimo. Naye hasemi "dizeli ya yadi", anasema "dizeli yangu". Juzi nilimwomba msumari mmoja tu. Akanijibu, "Subiri kidogo, shemeji, sisi wa eneo lililoathirika tuna kikao."

3. Gari la maji safi linasimama kwake. Mke wangu alikwenda kuteka ndoo moja, akamchukua na mjukuu wetu, na hawajarudi. Nilipompigia simu alisema kwa kaka yake kuna watu na mazungumzo. Hapa kwangu kuna saa tu, tena zote mbovu.

4. Hili ndilo linalonikosesha raha kuliko yote. Matangi yalikuwa nyuma ya choo changu, si cha shemeji. Harufu niliivumilia mimi. Inakuwaje mafuta yaniruke mimi niliyekaa nayo ukuta kwa ukuta, yakaenda kujipendekeza kwa mtu wa mbali? Mtaalamu alinieleza kwa upole kwamba maji ya chini ya ardhi huteremka kuelekea upande wa shemeji. Nikamuuliza, "Nani aliyaelekeza huko?" Akacheka. Mheshimiwa, kicheko si jibu, hasa ukizingatia kwamba milango ya ofisi yenu alitengeneza shemeji.

Kwa hiyo naomba, kwa unyenyekevu mkubwa, mrudi mtoboe kwangu hadi mpate. Mkikosa, maji ya ardhini yageuzwe yapite kwangu walau kwa zamu. Hilo likishindikana, niwekewe mfuniko wa chuma bila shimo, kufuli nitajitafutia. Na kama hata mfuniko mtupu unakiuka sheria, basi ndoo moja ya udongo wa shemeji ihamishiwe kwangu rasmi, mbele ya mashahidi. Nimeshang'oa mipilipili kando ya jiko ili udongo huo upate pa kukaa.

Nisiposikilizwa, nitalazimika kuupinga usafi wangu kwenye ngazi za juu.

Nisalimie dereva wa mtambo aliyegeuzia gari kwenye maua yangu, na umwambie yameanza kuinuka. Msalimie yule dada mtaalamu na pua yake, sina kinyongo nayo. Wasalimie makarani, walinzi, familia yako nzima, na yeyote anayekusaidia kusoma barua ndefu.

Wako katika unyonge na usafi,

Fundi Saa,
Nyumba Isiyo na Kitu

N.B. Nilikuwa nafunga bahasha mke wangu aliporudi na mjukuu. Akateka maji kisimani kwetu ili abandike uji, na mtoto akajichotea kikombe. Ghafla nikamsikia mke wangu akipiga kelele, "Usinywe!" Nilipofika jikoni kikombe kilikuwa kimeruka hadi ukutani na mtoto analia kwa kushtuka. Juu ya maji ya ndoo palielea utando wa rangi za upinde wa mvua, na ile harufu. Mheshimiwa, sikuona heshima yoyote mle ndooni. Tafadhali futa ombi la kwanza hadi la mwisho. Sitaki shimo, sitaki utepe. Njooni leo, na mje na maji.

Shemeji ameingia sasa hivi na ndoo mbili. Nilisubiri anicheke. Amesema tu, "Funika hicho kisima, shemeji, na mtoto alale kwangu." Ndoo nimezipokea kwa mikono miwili.