Mwaka Ambao Hakuna Tairi Lililopasuka

Jumatatu, 3 Machi
Cheo cha mkuu wa stoo kiko wazi! Ni mimi au Mama Nati, anayeyajua matairi ya ndege kama wanawe. Mkurugenzi kasema kitamwendea atakayepunguza vipuri bila ndege kukwama. Nina silaha: programu ya kompyuta. Unaipa ndege zetu nne, inaziigiza zikiruka mwaka mzima ndani ya dakika tano, kisha inasema nini kitaharibika. Mama Nati akauliza kama hiyo programu imewahi kushika spana. Wivu tu!

Jumanne, 4 Machi
Nimerusha mwaka kwenye programu. Matairi tisa yamepasuka. Nikarusha tena: kumi na moja. Nuksi gani hii! Nikarudia hadi shingo ikakaza. Mara ya thelathini na nane, hakuna hata moja! Huo ndio mwaka wetu. Nimechapa mchoro wake kwa rangi.

Jumatano, 5 Machi
Mkurugenzi kaupenda mchoro. Matairi yote ya akiba yamerudishwa kiwandani. Mama Nati aliuliza, mwanangu, ile miaka mingine thelathini na saba umeipeleka wapi? Nikamjibu yaliyopita si ndwele. Meza yangu sasa iko palipokuwa na matairi, karibu na dirisha. Nyumbani mke wangu kaniita Mkuu. Raha!

Alhamisi, 6 Machi
Saa nne asubuhi, tairi limepasuka. Abiria hamsini wameshushwa, na Mkurugenzi ni mmoja wao, anawahi harusi ya binti yake! Nilimweleza fundi kwamba tairi hilo halikupaswa kupasuka mwaka huu. Hakucheka. Mara Mama Nati huyo, anabingirisha tairi jipya. Alikuwa amebakiza moja, akalitandikia kitambaa kama meza, akaliwekea birika la chai. Jana nilinywea chai hapo hapo! Ndege ikaondoka saa sita. Niliona aibu sana, hadi wakati wa chakula.

Ijumaa, 7 Machi
Mama Nati ndiye mkuu. Hana kinyongo. Kasema nimletee ile miaka thelathini na saba tuipitie pamoja, jibu limo humo. Niliifuta zamani. Mkurugenzi anarudi Jumatatu na anataka kuniona. Nimeishiwa usingizi, lakini siyo akili. Nimeiambia programu ituigize: mimi naingia, yeye kanuna. Mara kumi na tisa nimefukuzwa kazi. Mara ya ishirini kanikumbatia na kunipa cheo! Nimeichapa kwa rangi. Mke wangu ananipigia pasi shati jeupe.