Laptopu ya Mama Mkwe Haitaki Kulala

Jumatatu, 3 Machi

Mama mkwe ameniita mimi. Mimi, si mwanyumba, mkwe wake mwingine! Laptopu yake ukiizima inajiwasha. Ndani mna kitabu alichokiandika miaka sita tangu astaafu ualimu. Jumatatu ijayo anakipeleka kwa mchapishaji, na anaogopa mashine itaungua nacho.

Halafu akagusia chumba cha mbele, kile chenye mlango wa barabarani. Atampa mkwe mmoja afungulie kazi. Mwanyumba, yule aliyemwoa mdogo wa mke wangu, anakitaka kwa cherehani zake. Mimi nakitaka kwa karakana ya kompyuta. Nimemwambia mama aondoe shaka. Mashine hiyo naijua nje ndani. Mwezi uliopita niliiboreshea mipangilio yote, tena bila kuombwa.

Nikaizima. Nikachomeka chaja ili kesho aikute imejaa. Ikawaka! Nikachomoa, nikazima, nikachomeka. Ikawaka. Mara nne. Ina kiburi.

Jumanne, 4 Machi

Nimeibeba kwangu. Chaja nimeiacha kwa mama, mfuko ulikataa kufunga. Nikapangusa matundu kwa pamba, nikafungua skrubu zote, nikazirudisha. Ikabaki moja mkononi. Ya ziada, bila shaka.

Nikazima. Kimya. Nikarudia mara kumi na moja. Kimya! Mke wangu akauliza kama nimemuuliza mama yake inajiwasha wakati gani hasa. Nikamweleza kuwa mkwe hamhoji mama mkwe kama polisi. Heshima kwanza.

Jumatano, 5 Machi

Nimeirudisha kifua mbele. Mama akanishukuru mpaka nikaona haya. Nikapima chumba cha mbele kwa hatua. Saba kwa tano. Meza ya kazi itakaa dirishani.

Chai sijaimaliza, mama akaizima laptopu, akachomeka chaja. Ikawaka. Mwanyumba alikuwa pembeni akikunja pindo la pazia. Akaitazama chaja, akaendelea kukunja. Kukunja kwa mtu yule ni matusi. Nikamwambia mama mashine imechoshwa na safari.

Alhamisi, 6 Machi

Nimefikiri sana. Shida ya mama si laptopu kuwaka. Shida ni kuiona ikiwaka.

Nikafifisha kioo mpaka giza, nikazima sauti, nikabandika plasta juu ya kijitaa kinachoonyesha imewaka. Kisha nikaiviringisha ndani ya blanketi, nikaiweka kabatini, chaja ikiwa imechomekwa. Mama akachungulia, akasema afadhali leo imelala. Raha iliyoje!

Saa kumi alasiri kabati likaanza kunuka. Mama akalia kwamba kitabu chake kinaungua, akaitoa laptopu na kuipakata kama mtoto mwenye homa. Niliona aibu. Kweli niliona aibu, karibu dakika tano. Kitabu ni kizima. Blanketi lina doa.

Ijumaa, 7 Machi

Nimeitwa, nikakuta wote wameshakaa. Dalili mbaya. Mwanyumba akamuuliza mama inajiwasha akifanya nini. Mama akajibu, akichomeka chaja. Swali moja tu! Mtu hana haya, anamhoji mama mkwe mchana kweupe.

Akaingia kwenye ile mipangilio inayotokea kabla mashine haijaamka sawasawa. Akakuta imeamriwa iwake kila inapopata umeme wa chaja. Akaifuta amri hiyo, akazima, akachomeka. Kimya. Fundi cherehani!

Mama akauliza amri hiyo iliwekwa na nani. Wote wakageuka kunitazama. Ni kweli, niliiweka mimi, mwezi uliopita. Imefanya kazi mwezi mzima bila kukosea hata siku moja. Hakuna aliyenisifu.

Mama akanishika bega, akasema polepole kwamba laptopu yake nisiiguse tena, hata kuipangusa vumbi. Chumba kimekwenda kwa cherehani. Imeniuma, sitaficha.

Jumapili, 9 Machi

Mwanyumba ameshaanza kupaka rangi mlango wa chumba. Rangi mbaya.

Kesho familia nzima inamsindikiza mama kwa mchapishaji. Nimejitolea kubaki kulinda nyumba. Mama amefurahi sana. Amemwambia mke wangu kwamba jambo la Ijumaa limenifunza, sasa nimetulia.

Friji ya mama inanguruma. Hakuna aliyelalamika, lakini mimi nimeisikia. Na mama alikataza laptopu, friji hakuitaja. Wataondoka saa mbili. Bisibisi nimeshaitanguliza, iko chini ya kochi lake.