Barua za Thaxter na Dolly Mwenye Macho ya Kahawia

Jumatatu, 1 Oktoba
Bibi Eldridge anastaafu. Miaka thelathini na moja ametunza barua za Lemuel Thaxter, mwandishi wa insha aliyezaliwa na kuzikwa hapa mjini kwetu, Massachusetts, karne iliyopita. Kiti chake kitakuwa changu au cha Prudence Coombs: atakayezungumza vizuri zaidi Ijumaa mbele ya wanachama wa maktaba. Nimekingoja miaka tisa. Prudence ana miwili tu hapa!

Jumanne, 2 Oktoba
Prudence atazungumzia bustani ya Thaxter. Viazi! Watu watasinzia kabla pai ya tufaha haijaletwa. Maskini.

Jumatano, 3 Oktoba
Nimepata! Sanduku la tisa, barua kwa dada yake. Siku zile karatasi ilikuwa ghali, kwa hiyo aliandika ukurasa mzima, akaugeuza ubavu, akaandika tena juu ya maandishi yale yale. Kama wavu wa banda la kuku. Nimesoma mistari ya kulala tu. Ya kusimama inaumiza macho. "Dolly wangu ameondoka. Macho yake ya kahawia siyasahau. Nimesimama mlangoni pake nikalia." Na huyu aliandika insha nne za kusifu useja! Nimeinakili kwa penseli, kisha jalada lenye barua hiyo nimelificha kwenye sanduku la risiti za mbegu. Nani atazigusa?

Alhamisi, 4 Oktoba
Prudence ameniuliza mbona natabasamu peke yangu. Nikamwambia ashike viazi vyake. Akasema haya, Bwana Tuttle, ila mbio za sakafuni huishia ukingoni. Wivu huo. Akarudi kwenye masanduku yake ya bustani.

Ijumaa, 5 Oktoba
Nilianza mimi. Mjane wa daktari alifuta machozi kwa ajili ya Dolly. Kisha akasimama Prudence, barua yenyewe mkononi. Ameikuta kwenye risiti za mbegu. Akaigeuza ubavu, polepole, akasoma mistari ya kusimama: Asa Pike aliyemnunua Dolly asema anatoa ndoo mbili za maziwa kila asubuhi, na ile pembe yake iliyovunjika inapona.

Mjane wa daktari ndiye aliyecheka zaidi. Bibi Eldridge akauliza ni nani aliyehamisha jalada. Nikaitazama pai. Kiti kimekwenda kwa Prudence, na imeniuma sana.

Jumatatu, 8 Oktoba
Mkuu mpya hakunifukuza. Amenipa kazi ya kurudisha kila jalada mahali pake. Akasema kwa upole, eti nikumbuke kwamba karatasi ina pande nne. Nikasema ndiyo, Bi Coombs.

Sanduku la tano, barua nyingine ya wavu. Mistari ya kulala: "Leo asubuhi nimemmaliza Samson. Alipiga kelele mno. Mke wa mchungaji alimshika miguu."

Muuaji! Na mke wa mchungaji alimsaidia! Mistari ya kusimama sikuisoma. Macho yanauma, na ushahidi umetosha. Barua yangu kwa gazeti la Boston imeondoka na posta ya saa nne.