Boriti za Jukwaa la Mgeni Rasmi

Inatangazwa kwa wanafunzi, wahadhiri na umma wote kwa jumla: kuanzia Jumatatu, hakuna boriti yoyote ya chuo hiki itakayopinda bila idhini ya maandishi ya Senhor Director.

Tangazo hilo lilibandikwa kwenye mlango wa chuo kipya cha uhandisi mjini Palma, kaskazini mwa Msumbiji, likiwa na mihuri miwili, na lilikuwa tangazo la maana sana. Mgeni rasmi alikuwa anakuja kutoka Pemba, makao makuu ya jimbo, kuzindua chuo, ambacho kilikuwa kimeshafundisha miaka miwili kikisubiri kuzinduliwa. Jukwaa lake lilijengwa uwanjani kwa boriti za mikoko, kwa kuwa vyuma vilivyoagizwa vilikuwa vinasubiri sahihi ya mtu aliye likizo. Boriti kupinda siku kama hiyo ni utovu wa nidhamu, na utovu wa nidhamu hukomeshwa mapema.

Aliyeleta chokochoko ni Sumaia, mwanafunzi wa mwaka wa pili. Binti mwenye adabu zake, lakini ana tabia mbaya ya kupiga hesabu. Kwenye mtihani wa nguvu na uimara wa vitu, Director Abdulcarimo, mkuu wa chuo na mwalimu wa somo hilo, alitoa vipimo vya jukwaa na kuuliza litabeba wageni wangapi. Sumaia akachora boriti, akachora uzito unaoshuka na nguvu inayopanda kutoka kwenye nguzo za ncha mbili, akatafuta pale boriti inapoumia zaidi, ambapo ni katikati, akaandika: watano.

Jibu sahihi lilikuwa kumi na wawili. Kadi za mwaliko zilikuwa zimeshachapwa.

Akapewa nota, yaani alama, tatu kati ya ishirini. Somo hilo alikuwa analirudia, na kwa kanuni anayelifeli mara ya pili anafutwa chuo. Roho ikamuuma. Akaenda ofisini.

“Shikamoo, Senhor Director.”

“Marahaba, mwanangu.”

“Hesabu nimeirudia mara nne. Ni watano tu. Wakizidi, boriti zinakwenda.”

“Zinakwenda wapi bila idhini?”

“Chini, mwalimu.”

Director akamwonea huruma. “Kadi ya mwaliko ina muhuri. Hiyo hesabu yako ina muhuri?”

“Haina.”

“Sasa wewe unabishana na nini?”

Akampa fomu ya rufaa, ijazwe nakala tatu. Rufaa hujibiwa baada ya siku tisini. Kufutwa chuo huchukua siku saba, maana ofisi ile, pale inapotaka, ina kasi ya ajabu.

Siku ya uzinduzi Sumaia alikwenda kurudisha kitambulisho chake. Alipopita uwanjani akatupa jicho jukwaani, akasimama. Viti vilikuwa vitano. Director alikuwa ameviamuru mwenyewe tangu alfajiri. Hasira zilimpanda Sumaia mpaka machozi yakamtoka: jibu lake limefaa kwa makalio ya wakubwa, ila halifai kwa nota.

Dona Benilde, mgeni rasmi, akafika na msafara wake. Akahesabu viti, akahesabu watu.

“Kadi inasema kumi na wawili. Hawa saba nimewaleta wasimame juani?”

“Mheshimiwa, hesabu za kitaalamu zinasema watano.”

“Hesabu za nani?”

“Zangu,” akasema Director, akakaza tai.

“Hongera. Hebu nizione.”

Hapo ndipo Chamsudine, mkuu wa itifaki, alipotimiza wajibu wake kwa uaminifu mkubwa. Akafungua faili, akatoa karatasi ya majibu rasmi ya mtihani, akaikabidhi kwa mikono miwili. Dona Benilde akaisoma.

“Kumi na wawili. Sahihi yako, muhuri wako. Chamsudine, leta viti saba. Na hapa katikati palikuwa pangu, lakini leo namwachia mwenye hesabu. Karibu, Director.”

Heshima ya namna hiyo haikataliwi mbele za watu. Director akapanda na mwili wake wa watu wawili, akakaa katikati, wakubwa wenzake wakambana kulia na kushoto; Dona Benilde akabaki amesimama chini. Boriti, bila kuomba idhini ya mtu yeyote, zikaanza kupinda.

Kra.

“Mheshimiwa,” akasema Director kwenye maikrofoni, jasho likimchuruzika, “kwenye ile karatasi kuna kosa dogo. Yuko mwanafunzi aliyepata watano.”

“Ulimpa nota gani?”

“Tatu.”

Kraa. Viti vya katikati vikashuka kiganja kizima.

“Lakini leo hii namwongezea! Kumi! Amefaulu!”

Kraaa.

“Kumi na nne! Kumi na saba! Katibu, andika!”

Katibu akaandika. Watu wote uwanjani wakageuka kumtazama Sumaia, ambaye alikuwa bado ameshika kitambulisho mkononi. Hakuna aliyethubutu kuinuka jukwaani, boriti zisije zikakatika.

“Ishirini!” akalia Director. “Ishirini kamili! Sumaia, mwanangu, waambie hawa nani aanze kushuka!”

Sumaia akafuta macho, akasogea mbele, akainua mkono kama yuko darasani.

“Aanze wa katikati, Senhor Director. Ila ishirini siistahili, nami nilikosea. Kila mgeni nilimwandikia kilo themanini. Kwako nilikuonea haya.”