Malalamiko Dhidi ya Wakazi Wanaonifahamu

Aroni Kalinga,
Aroni Samani za Kimataifa,
(chumba cha uani, kwa Mama Kalinga),
Mtaa wa Mikaratusi, Ipogolo,
Iringa.

Mheshimiwa Mzee Sedekia,
Mwenyekiti wa Serikali ya Mtaa.

YAH: WAKAZI WA MTAA KUNIFAHAMU KUPITA KIASI

Mheshimiwa Mwenyekiti, shikamoo. Kichwa cha habari hapo juu chahusika, na kwa kweli kinaniuma.

Mimi ni fundi seremala, umri miaka ishirini na tisa. Kazi nilijifunza Mafinga, na huu ni mwaka wa nne naifanya hapa mtaani. Tangu Januari nimefungua ukurasa mtandaoni ili nijenge jina. Kocha wangu wa mambo haya yuko Mbeya, anafundisha mtu asiyejulikana namna ya kuaminika ndani ya siku ishirini na moja. Yeye mwenyewe alianza mwezi mmoja kabla yangu. Zamani alikuwa akichaji simu za watu stendi. Aliniambia mtandaoni hakuna anayekujua, na hiyo ndiyo bahati yako, maana wewe ndiye utakayewaambia wewe ni nani. Alisahau kuniuliza kama majirani zangu wana simu.

Ningevumilia, Mheshimiwa, lakini kuna Tumpe. Nampenda, nataka kumuoa, na yeye ananitaka. Baba yake, Mzee Jailos wa Uyole kule Mbeya, amekataa kupokea mshenga. Anasema mshenga kazi yake ni kusifu, hata fisi angesifiwa. Amesema atauangalia ukurasa wangu mwenyewe, kwa miwani yake, na jibu la posa atalitoa mwisho wa mwezi huu. Kwa hiyo kila neno analoandika mkazi wako chini ya video zangu, mkwe wangu mtarajiwa analisoma. Malalamiko yangu ni haya yafuatayo.

1. Bi Esta wa kwaya. Nilitoa video iitwayo "Siri Tano za Samani Zinazodumu Vizazi", nikiwa nimevaa tai. Bi Esta akaandika chini yake: "Kamwene mwanangu Aroni. Umependeza kweli. Sasa lile kabati langu mlango haufungi toka Februari, kuku ameingia anaatamia humo. Ukimaliza kuongea uje." Video ilipata laiki kumi na nne. Bi Esta alipata mia mbili na sita. Watu wa Songea na Kigoma, ambao hawajawahi kumwona, wanamuuliza kuku anaendeleaje, naye anawajibu kila siku. Katika ukurasa wangu, Mheshimiwa, mwenye jina ni kuku.

Sikatai kwamba mlango haufungi. Ningeenda kuutengeneza, ila wiki ile nilikuwa na masomo ya namna ya kujali wateja.

2. Shamsudin wa duka la vifaa vya ujenzi. Nilipiga picha pale barabara kuu nimeegemea lori la mbao lililotoka Mafinga, nikaandika: "Mzigo wa wiki hii umewasili. Tunasonga." Sikusema mzigo ni wa nani. Shamsudin akaandika: "Asalaam aleikum kaka. Mzigo huo wangu, dereva alisimama kununua nyanya. Wewe ulikuwa unapita na ndoo ya maji. Angalia vizuri, ndoo inaonekana kwenye kioo cha lori." Watu walikuza picha. Ndoo inaonekana.

3. Mwalimu mstaafu Crispin. Huyu aliandika chini ya picha yangu rasmi, ile ya kukunja mikono: "Picha nzuri sana kijana. Koti ni langu, nililivaa kipaimara cha mjukuu wangu Yusta kule Tosamaganga. Jumapili nina harusi, naomba liwe limerudi, na tafadhali usilifue kwa sabuni ya unga." Wateja wawili waliokuwa wameuliza bei ya kitanda wakaacha kitanda, wakamuuliza Mwalimu kama koti linaazimishwa.

4. Mama yangu mzazi. Nilikuwa live, nawaeleza wafuasi tisa namna nilivyoanza maisha bila msaada wa mtu yeyote. Mama akapita nyuma yangu na sahani ya ugali, akaiweka mezani, akaniambia nile kabla haujapoa. Wafuasi wakabaki sita.

5. Wewe mwenyewe, Mheshimiwa, na hapa naandika kwa heshima zote. Katika mkutano wa mtaa wa Jumamosi iliyopita ulitangaza kwa kipaza sauti kwamba kijana anayejipiga picha mbele ya geti lako na kuandika "Nyumbani" aache, au kama hawezi kuacha, basi akija kupiga picha asaidie kuingiza ndani ule mchanga uliobaki. Mtaa mzima ulicheka. Kuna mtu alirekodi. Sasa video hiyo inaonekana kabla ya zangu.

Baada ya hayo nilikuja ofisini kwako kwa unyenyekevu kuomba barua ya utambulisho. Mtu akienda kufungua akaunti benki, mtaa unamwandikia barua yenye mhuri kwamba ni mkazi, anafahamika na ana tabia njema. Akienda kuomba kazi, vivyo hivyo. Mimi naenda mahali ambako hakuna hata mmoja anayenijua; ni wapi pengine barua hiyo ingehitajika zaidi? Uliniuliza mtandaoni ni kata gani, na huko nitakaa kwa muda gani. Nikajibu kwamba nitakaa moja kwa moja. Ukasema basi ninayohitaji ni barua ya kuhama. Nilitoka pale nikiwa na uchungu, na sasa narudisha ombi langu kwa maandishi, nikiliongezea mengine:

(a) Niandikiwe barua yenye mhuri wa mtaa, ianze "Kwa Wakazi Wote wa Mtandaoni", ithibitishe kwamba mimi ni mtaalamu, nami nitaipiga picha na kuibandika juu kabisa ya ukurasa.

(b) Mabalozi wa nyumba kumi wapite nyumba kwa nyumba kukusanya wafuasi, kama walivyopita wakati wa kujenga choo cha shule. Kila kaya itoe wafuasi watatu. Kaya isiyo na simu ikaazime kwa jirani. Kaya itakayokaidi isisainiwe karatasi yoyote ofisini kwako, isipokuwa ya mazishi, maana sisi si watu wabaya.

(c) Kwa siku tisini, wakazi wote walionijua kabla ya Januari waache kunijua. Wakinikuta njiani wanisalimie kama mgeni. Wakiona video waulize bei. Mama anaweza kuendelea kunijua wakati wa chakula.

(d) Hilo likishindikana, jina langu lifutwe kwenye daftari la wakazi, kisha itangazwe kuwa mtaani amehamia mtaalamu wa samani kutoka mbali. Nimechunguza jambo hili. Mtu akitoka mbali, hapa kwetu haulizwi kabati. Mwaka jana alikuja bwana mmoja na gari la vioo vyeusi, akafundisha utajiri ukumbini siku mbili, mkampa kiti cha mbele na jogoo, na hadi leo hakuna anayejua jina lake la pili. Mimi jina langu la pili mnalijua, la babu mnalijua, na la utani la darasa la tatu mnaniita nalo mbele ya wateja, na ndiyo sababu hamniamini.

Mtu anaweza kusema ombi (a) na ombi (d) yanapingana, kwamba mtaa hauwezi kuthibitisha unamfahamu mtu uliyemfuta. Nimelitafakari. Nashauri mhuri upigwe asubuhi na jina lifutwe mchana.

Sitanii, Mheshimiwa. Zimebaki siku tisa mwezi uishe. Nikimkosa Tumpe kwa ajili ya ndoo na koti la kuazima, nitalia, na najua fika kwamba mtakuja wote kunibembeleza, jambo ambalo pia litanishushia hadhi mtandaoni.

Nisalimie mama wa nyumbani kwako, binti yako Eveline na wanawe, mabalozi wote, na wazee wa kanisa. Mwambie Mwalimu Crispin koti liko kwenye kamba, linakauka. Kama utakutana na mfuasi wangu yeyote, msalimie pia. Ni wachache, utamtambua.

Wako anayejenga jina kwa taabu,
Aroni Kalinga,
Mkurugenzi Mtendaji.

N.B. Nimeichana bahasha na kuifungua tena. Tumpe amepiga simu sasa hivi. Baba yake amemaliza kuusoma ukurasa. Video hakuangalia hata moja, anasema ile tai inamchosha. Alichosoma ni maoni, yote, mpaka majibu ya Bi Esta kwa watu wa Kigoma. Amesema kijana anayegombezwa hadharani na mtaa mzima, na bado mtaa huohuo unamwazima koti, huyo ana kwao. Na akija kumtesa binti yake, zipo nyumba za kukimbilia. Posa imepokelewa. Sharti ni moja: nifute video zote, nibakize maoni. Nilimwomba Tumpe amweleze kwamba ukifuta video na maoni yanaondoka nayo. Mzee akasema basi walioandika waandike upya kwenye karatasi, kila mmoja kwa mkono wake, niende nazo Uyole Jumamosi nikijitambulisha. Kwa hiyo, Mheshimiwa, yale niliyoomba hapo juu yaache yote, badala yake naomba uwatangazie tena kwa kipaza sauti. Waje na kalamu, ukiwemo wewe, na wasinionee huruma hata kidogo. Mama ameshaanza, yuko karatasi ya tatu.