Kibali cha Bwana Gott

Umma unataarifiwa kwamba mwaka 1940, Mwingereza alipokuwa akipigana na Mjerumani, usalama wa Njombe uliwekwa mikononi mwangu. Nilikuwa Katibu wa Kamati ya Kuchunguza Uhusiano wa Kengele ya Kanisa na Mataifa ya Nje. Nilistahili. Kiingereza nilikisoma shule ya usiku, tena dawati la mbele.

Wamisionari Wajerumani walikuwa wameondolewa, kengele yao ikabaki. Nilipanda ngazi, nikakuta imeandikwa: EHRE SEI GOTT IN DER HÖHE. Neno “in” nililitambua papo hapo. Ni Kiingereza, maana yake “ndani ya”. Basi mambo yakawa wazi: kuna Mjerumani aitwaye Gott, amejificha ndani ya mahali paitwapo Höhe.

“Kengele hailii mpaka Gott apatikane,” niliitangazia familia mezani.

Mke wangu Dorika akaacha tonge njiani. “Baba Emilia, binti yako anaolewa Jumamosi ijayo! Mkwe wetu Anania kasema bila kengele watu wake hawatoki Makambako. Kwao hiyo si ndoa, ni utoro. Na huyo Gott ni Mungu. Tuliimba hivyo kila Krismasi utotoni, ‘utukufu kwa Mungu juu’.”

“Mungu ni God,” nilimsahihisha. “Hana T hata moja, seuze mbili.”

“Baba, nizeekee hapa kwa sababu ya T?” Emilia akaangua kilio.

Dorika akahamia chumba cha Emilia na blanketi letu, tena Julai ya Njombe. Nilitetemeka kizalendo.

Niliandika amri: Gott, Mjerumani, ni marufuku kuonekana wilayani, kengele ifungwe mdomo. Bwana D.C., Mwingereza mkuu wa wilaya, alikuwa anawahi kuwinda kware. Akatia sahihi bila kusoma.

Jumapili alihudhuria mwenyewe nilipoisoma kanisani. Kusikia jina, akaiva kama nyanya.

“Kamfukuza Mungu, na sahihi juu!” alipayuka bibi mmoja. Kanisa likavunjika mbavu.

“Serikali haikosei,” D.C. alininong'oneza huku ameuma meno. “Lakini inaweza kutoa kibali. Andika!”

Nikaandika: Gott anaruhusiwa kukaa Njombe pamoja na kengele yake. Nikaongeza sharti la vibali vyote vya wageni, kwamba ataonana na Bwana D.C. ana kwa ana. Akatia sahihi, haraka kama kawaida.

Kengele ikalia, Makambako ikaja lori zima, Emilia akaolewa. Blanketi likarudi.

Wiki iliyofuata Bwana D.C. akashikwa na homa ya mapafu.

“Naona siku ya kuonana inakaribia,” alisema Dorika sokoni. Mpishi wa D.C. akalibeba neno hilo mpaka kitandani kwa bwana wake.

Tarishi alinijia akihema. “Bwana mkubwa anasema sharti lile lifutwe. Leo hii, mzee, anakuomba!”

Nilimjibu kwa mujibu wa kanuni: sharti halifutwi bila ridhaa ya mwenye kibali. Aombe mwenyewe, tena kwa magoti.