Dawa ya Beringi

Duke Mochama aliisikia mashine ya Bhoke ya kusagia mawe kabla ya kuiona. Beringi zilikuwa zinalia, na masikioni mwa Duke kilio hicho kilikuwa “karibu mgeni”.

Mwaka huo wa tisini na nne, kijiji kizima cha Masara kilikuwa kikisaga mawe ya dhahabu. Duke hakuwahi kushika sururu. Alishika galoni ya mafuta, aliyoipata Homa Bay kwa kuuza suti yake ya harusi, na harusi ilikuwa Jumamosi.

“Mama, hii ni mafuta ya silikoni,” alisema, akijipaka hadi viwikoni. “Haigandi, haiungui. Shida yake ni moja tu: chuma ikisagana na chuma, inakimbia, chuma inalika. Ndiyo maana nimeongeza dawa.”

Dawa ilikuwa buluu ya kufulia. Silikoni yenyewe, tusimwonee mtu, ilikuwa halali.

Akanyoosha mkono wa salamu. Bhoke akaficha wake nyuma. “Hapa mtu wa mafuta hasalimiwi. Hata Vaseline tunaacha nyumbani.”

“Ni mwiko?”

“Iite hivyo.”

Duke alitabasamu. Watu wa miiko ndio waliomlisha miaka yote.

Malipo? Pesa hakutaka. Alitaka mawe yote yatakayosagwa siku ile, ayaoshe mwenyewe. Bhoke alinuna, akalia njaa ya wanawe, mwisho akakubali kwa sheria ya Masara: dhahabu itakayonaswa na zebaki ni ya mwoshaji, tope litakalopita ni la mwenye mashine.

“Tope? Chukua yote, mama!”

Alimimina mafuta bila uchoyo. Yakafurika beringi, yakachuruzika ndani ya unga wa mawe. Kabla ya mchana beringi zilipiga mayowe. Bhoke alizima mashine, akafuta buluu, akapaka grisi yake ya kila siku. Duke hakujali, unga wake ulikuwa tayari.

Akaosha. Chembe za dhahabu, zikiwa zimepakwa silikoni vizuri kabisa, ziliikwepa zebaki, zikaelea, zikavuka ukingo wa karai na kutua katika dimbwi la tope la Bhoke.

“Yawa! Zebaki yako ni bandia!”

“Ni nzima. Mafuta tu ndiyo haitaki. Si nilikuambia?”

“Ulisema ni mwiko!”

“Mwiko ulisema wewe.”

Bhoke alimwaga sabuni ya unga dimbwini kuyatoa mafuta, akaanza kulisafisha tope lake taratibu. Duke aliokota galoni tupu, akashika njia, roho ikimuuma. Hakuwa amefika mbali alipoitwa.

“Kijana! Kesho nasaga mawe ya wateja, wataosha wenyewe. Hakuna galoni ingine?”

Duke alisimama. Akaiwaza Jumamosi.

“Iko,” alisema. “Lakini mama, hiyo nalipwa kwa tope.”